Mfumo usiojua msiba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Madale. Umande bado umelala kwenye majani ya mihogo, na mbele ya stoo ya chakula cha kuku watu saba wamepanga foleni. Ukutani kuna kifaa cheusi chenye ukubwa wa kiganja. Mmoja mmoja anaweka kidole, kifaa kinafikiri kidogo, kisha taa ya kijani inawaka na jina lake linatokea kwenye kioo likifuatiwa na neno moja: YUPO.

Wa tano ni Faraji, kijana wa miaka 29. Chokaa ya kwenye mabanda imemla ngozi ya vidole, na kifaa kinamkataa mara mbili. Anakifuta kidole kwenye suruali, anakirudisha. Taa ya kijani. Faraji, yupo.

Hayupo. Jana jioni alipigiwa simu kwamba baba yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa mtoto, amefariki dunia huko Buza, wilayani Temeke. Mazishi ni leo, baada ya sala ya adhuhuri. Faraji hakumwambia mtu zaidi ya mwenzake wa chumba. Anachukua ndoo ya pumba, anaingia banda la tatu, na mlango wa wavu unajifunga nyuma yake.

Barazani kwa stoo, kwenye meza yenye mguu mmoja uliofungwa waya, ameketi Demetria Komba, mwenye miaka 52, karani wa shamba hili. Mbele yake kuna kishikwambi kipya kilichovalishwa mfuko wa plastiki kuzuia vumbi. Habari ya Faraji imeshamfikia. Mwenzake wa chumba amemnong'oneza mpishi, na mpishi hakuzaliwa na kufuli mdomoni.

"Kile kifaa kimekuja kwa mdomo wangu mie," anasema huku akiutazama mlango wa banda. "Sikukinunua, lakini nimekileta."

Ukimsikiliza Demetria asubuhi moja tu, utajua kwamba hana ugomvi na kompyuta. Alikuja Dar es Salaam kutoka Songea mwaka 2003, akaajiriwa hapa kuosha trei za mayai. Mwenye shamba wa wakati ule, Mzee Fakihi, aliuona mwandiko wake siku alipoandika orodha ya sabuni, akamtoa kwenye maji na kumpa meza. Tangu hapo kila yai lililookotwa, kila gunia la chakula na kila kuku aliyekufa amepita chini ya kalamu yake. Mshahara wake leo ni shilingi laki mbili na themanini kwa mwezi.

Na daftari, anakiri mwenyewe, lilikuwa linamshinda. Panya walilila. Mvua ya masika iliwahi kufuta mwezi mzima. Mwaka juzi kurasa mbili ziligandana kwa ute wa yai, tarehe ya chanjo ya kideri ikajificha katikati, na kuku wa banda zima wakafa. Demetria aliwafukia wale kuku pamoja na vijana, na anasema hajala nyama ya kuku mpaka leo.

"Kwa hiyo bosi aliposema tunataka mfumo, mie nilikuwa wa kwanza kushangilia," anasema. "Nilisema Mungu ametukumbuka."

Bosi ni Munira, binti wa Mzee Fakihi. Alilirithi shamba baba yake alipofariki miaka miwili iliyopita, na amelikuza mpaka kuku elfu sita, huku akiendelea na kazi yake ya ofisini katikati ya jiji. Ndiye aliyemtafuta Revelian, mtengenezaji wa mifumo ya kompyuta mwenye miaka 31 anayeishi Segerea. Revelian akaja na kompyuta mpakato, kalamu za rangi na kitita cha vikaratasi vya njano vya kubandika, akasema kabla ya kutengeneza chochote lazima kwanza wapange.

Upangaji huo ulichukua wiki tatu. Kijana alikaa na Demetria barazani akimuuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza maishani. Mayai yakitoka bandani yanahesabiwa na nani? Yenye ufa yanaandikwa wapi? Kuku akifa usiku ni wa jana au wa leo? Kila jibu liliingia kwenye kikaratasi, na kila kikaratasi kilibandikwa ukutani kwa stoo, mpaka ukuta ukapata magamba.

Demetria alikuwa na furaha ya kweli. Nyumbani hakuna aliyejali anafanya nini kutwa. Huyu kijana msomi alimwandalia kiti, akamwita mama, na kumsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Mtu akisikilizwa hivyo baada ya miaka ishirini ya kimya, atasema hata ya sandukuni.

Wiki ya tatu wakafika kwenye mahudhurio.

"Mama, mtu asipofika mnaandika nini?" Revelian aliuliza.

"Inategemea hajafika kwa nini."

"Kwenye mfumo haitegemei, mama. Ni yupo au hayupo."

"Basi huo mfumo wako haujakaa na watu," Demetria alimjibu akicheka, na ndipo alipoanza kujisifu. Neno hilo ni lake mwenyewe. "Nilikuwa najisifu. Nilitaka ajue kwamba sie hapa ni ndugu."

Alichojisifia ni desturi waliyoiita kushikiana. Wafanyakazi wengi shambani hapo ni vibarua, hulipwa kwa siku walizoonekana. Lakini mtu akifiwa, wenzake waligawana kazi yake: huyu anamlishia kuku, yule anamwokotea mayai, mwingine anamgeuzia maranda ya kulalia kuku. Kuku hawakulala njaa kwa sababu ya msiba wa mtu. Na kwenye daftari, Demetria alimpigia mfiwa alama ya vema, sawasawa na aliyekuwepo.

Aliyeianzisha ni Mzee Fakihi. "Mzee aliniuliza swali moja tu," anasimulia Demetria. "Kazi imefanyika au haijafanyika? Nikasema imefanyika. Akasema basi mpigie vema, mtu hafiwi kwa kupenda."

Wajanja hawakukosekana, na desturi ilikuwa na dawa yao. Wenzako walichanga rambirambi, na mmoja alitumwa aongozane nawe kuipeleka. Kama msiba ni wa safari, ndugu zako walipigiwa simu wapewe pole kwa sauti. "Mtu wa msiba wa uongo atatupeleka makaburi gani?" anauliza Demetria.

Akampa Revelian mfano mzuri kuliko yote, msiba wa mama yake Jamali. Jamali Mtipa, mchongaji wa vinyago aliyeacha sanaa baada ya wateja kupungua, alikuwa amefanya kazi shambani hapo kwa miaka kumi na moja. Mama yake alipofariki kijijini nje ya Newala, alisafiri kumzika na kukaa matanga siku tisa. Siku tisa hizo Faraji na wenzake waliligawana banda lake, na siku tisa hizo Demetria alimpigia vema.

Revelian aliandika. Aliandika kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa zilizonyooka, akabandika.

"Mwandiko ulikuwa mzuri," anasema Demetria. "Nilidhani ameandika sifa zetu."

Mwezi uliofuata wafanyakazi wote waliitwa kuoneshwa mpango. Shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa chumba cha mayai, mwanga ukapigwa juu yake. Munira alikuwepo, amevaa viatu vya ofisini, na kama kawaida yake tangu utotoni alimwamkia kwanza Demetria. "Shikamoo, dada Demetria." Jamali alikaa mbele, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Yakapita mayai, ikapita pumba, ikapita chanjo. Watu wakapiga makofi. Kisha ukaja ukurasa wenye kichwa cha habari Mianya, na chini yake, kwa wino mwekundu: siku tisa, asiyekuwepo amelipwa. Jina la Jamali lilikuwa pembeni.

Munira alikuwa ameshausoma mpango huo siku mbili kabla. Alisimama, akasema hataki kumdhalilisha mtu, kisha akatamka "mfanyakazi hewa". Nchi hii neno hilo halihitaji maelezo. Ukishaitwa hivyo, hata ukitembea watu wanatazama kama una kivuli.

"Jamali hakumwangalia bosi," anasema Demetria. "Aliniangalia mie."

Wiki hiyohiyo Jamali aliambiwa asirudi. Wengine walipewa onyo, na kifaa cha vidole kikapigiliwa ukutani. Demetria hakuonywa. Aliongezewa kishikwambi, na mbele ya wote akashukuriwa kwa ushirikiano wake. Ukitaka kummaliza mtu kwa wenzake, mshukuru hivyo.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemtukana. Wanamwamkia, wanampa hesabu ya mayai, wanaondoka. Kabla ya hapo kila mtu shambani, mkubwa kwa mdogo, alimwita dada Deme. Sasa ni "karani". Shikamoo karani, mayai haya hapa karani. Saa nne watu wanakaa nyuma ya banda la pili na chai yao na mihogo ya kuchemsha, na karani ana chupa yake ya chai barazani. Alipojaribu kumlilia mmoja wao shida yake, alijibiwa kwa upole kabisa kwamba msiba wa kujitakia hauambiwi pole.

Wamemwonea? Mwandishi wa makala haya alimtafuta Jamali mwenyewe, akampata sokoni Buguruni akishusha magunia ya viazi, mgongo umefunikwa kipande cha gunia. Alikubali kuzungumza akiwa amesimama, maana kukaa ni kupoteza zamu.

"Simchukii dada Deme," alisema. "Yeye ndiye aliyenichangishia nauli ya Newala. Lakini unajua, mie nilikuwa nazika mama. Watu wamesoma jina langu ukutani kama mwizi, na aliyelipeleka ni mtu aliyelia na mie kwenye simu. Ningekuwa namchukia ningepumzika."

Akainama, gunia likapandishwa mgongoni, akaenda.

Revelian anaishi chumba kimoja na sebule, na si mtu mbaya. Alimkaribisha mwandishi kwa soda, akajieleza bila kujificha. "Niliambiwa nitafute mianya, nikaandika mianya. Sikujua watamfukuza mtu." Anasema Demetria alimpigia simu mara nyingi baada ya kikao, akiomba kitu kimoja: mbali na YUPO na HAYUPO, pawe na neno la tatu, MSIBANI, na nafasi ya kuandika nani amemshikia.

"Kuliongeza hilo ni kazi ya nusu saa," alisema. "Lakini halimo kwenye mahitaji yaliyosainiwa. Nimeliweka awamu ya pili."

Kila mkazi wa pembezoni mwa jiji hili anaijua awamu ya pili. Ndiko iliko barabara yake na ndiko liliko bomba lake la maji. Hata hivyo Revelian amefanya alichoweza: kikao cha kupanga awamu hiyo kimewekwa Jumatatu ijayo, na ombi la Demetria liko mwisho wa orodha.

Munira alizungumza kwa simu, sauti yake ya upole na ya haraka. "Dada Demetria anadhani sina moyo. Moyo ninao, na mkopo wa benki ninao pia. Baba alikuwa na kuku mia nne na watu watatu, aliweza kumjua kila mtu na mama yake. Mie leo nikifungua hilo dirisha la msibani, kila Jumatatu atakufa shangazi wa mtu."

Kuna ukweli hapo, na mwajiri yeyote wa mjini atamwelewa. Lakini kuna jambo ambalo Demetria alilimeza siku ile ya shuka jeupe, ulimi uliokuwa mwepesi wiki tatu ukawa mzito ghafla. Mzee Fakihi alipofariki, Munira alikaa nyumbani na wageni mpaka arobaini ilipopita. Hakukanyaga shambani. Mayai yaliokotwa, yakapangwa kwenye trei, yakawafikia wateja wote, na hakuna aliyempigia simu kumsumbua. Jamali ndiye aliyelala getini siku hizo zote.

"Na yeye tulimshikia," anasema Demetria. "Tulimshikia vizuri mpaka hakujua kama ameshikiwa."

Mwandishi alimuuliza Munira kuhusu siku hizo arobaini. Akasema ameitwa kwenye kikao, na simu ikakatika.

Kinachomkosesha Demetria usingizi kwa sasa ni mama yake mzazi, ambaye amevuka miaka themanini na yuko kijijini nje ya Songea. Tangu Pasaka hali yake si nzuri. Wiki iliyopita aliacha kula ugali. Safari ya huko ni siku nzima ndani ya basi. Karani naye anaweka kidole asubuhi na jioni kama wengine, na akikosekana siku tatu mfululizo mfumo wenyewe unamtoa kwenye orodha mpaka bosi amrudishe. Sharti hilo la siku tatu lilitokana na swali la Revelian. Aliyelijibu ni Demetria.

Zamani asingewaza. Angeaga, angechangiwa, angeshikiwa. "Sasa hata mfumo ukiruhusu," anasema, "nani atanishikia mie?"

Saa mbili kasoro. Jua limeshaingia barazani. Demetria anafunga chupa ya chai ambayo hajainywa, anaingia stoo, anatoka amevaa mabuti ya mpira yasiyo saizi yake. Anatembea mpaka banda la tatu. Kuku wanapiga kelele. Faraji ameinama kwenye vihori, anamwaga pumba nje ya kihori na haoni.

"Mazishi saa ngapi?" Demetria anauliza.

Faraji anashtuka. "Baada ya adhuhuri, karani."

"Na kutoka hapa mpaka Buza?"

Faraji anayatazama mabuti ya Demetria. "Na kidole cha jioni?" anauliza mwishowe. "Itasoma nimetoroka."

"Kidole cha jioni niachie mie. Lete hiyo ndoo."

Anasita, kama mtu anayeuziwa kitu kwa bei rahisi mno. Kisha anampa ndoo. Anavua mabuti mlangoni, ananawa miguu kwenye bomba, anavaa kanzu aliyokuwa ameikunja ndani ya mfuko wa rambo. Kumbe alikuja nayo. Hakuwa na mpango wa kwenda, lakini kanzu alikuja nayo.

Anapofika getini anageuka. "Ahsante, dada Deme."

Demetria ameshainamia kihori. Kutoka banda la pili watu wanachungulia kupitia wavu. Wanamtazama karani wa miaka 52 akiburuta gunia, kuku wakimdonoa mabuti. Hakuna anayekuja kumsaidia. Hakuna pia anayecheka.

Akimaliza anarudi mezani, anafuta mikono kwenye khanga na kukivua kishikwambi mfuko wake. Karani anaruhusiwa kurekebisha taarifa, mradi aandike sababu. Analifungua jina la Faraji na kuandika kwa kidole kimoja, taratibu, herufi baada ya herufi: Msibani, Buza. Ameshikiwa na Demetria Komba, karani. Kwa jinsi mpango ulivyopangwa, kila rekebisho linakwenda moja kwa moja kwenye simu ya bosi, popote alipo. Hilo nalo lilijadiliwa kwenye hii baraza, na lina kikaratasi chake.

Anabonyeza tuma.

"Jumatatu nitakwenda kwenye kikao chao," anasema. "Sitawaomba vingi. Neno moja tu liingie kwenye mfumo, na jina la Jamali litoke kwenye ule ukurasa. Nikipata hayo mawili nitaweza kwenda Buguruni kumtazama usoni."

Na kama Jumatatu haitamkuta hapa?

Simu yake inaanza kuita juu ya meza. Kwenye kioo kuna jina la Munira. Demetria anaiangalia ikiita, anaiacha kidogo, anakausha vidole vyake vizuri.

"Akinifukuza leo, nitamuwahi mama akiwa hai," anasema. "Asiponifukuza, naomba tu siku ya msiba wangu ikifika awepo mtu wa kuipokea ndoo yangu."

Anapokea simu.